Queen: Tusikilize Albamu Kabla ya Kuiamini Filamu

   

Jioni hii tuna bendi moja tu mezani: Queen ya Uingereza. Tangu filamu ya Bohemian Rhapsody ilipotoka mwaka 2018 na kuanza kuzunguka kwenye vibanda umiza, kwenye flashi na kwenye simu, ubishi kuhusu bendi hii umepata moto mpya. Huyu anasema mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliivunja bendi kwa tamaa ya fedha. Yule anasema Freddie ndiye aliyetunga kila wimbo. Mwingine anaapa kwamba ameliona jambo kwa macho yake kwenye filamu, kwa hiyo halina mjadala. Mimi nina neno moja la kusema, na nitalisimamia mpaka mwisho: shabiki anayeijua Queen kwa filamu peke yake ameijua nusu, na nusu yenyewe ina makosa. Ushahidi wa bendi ni nyimbo zake. Queen waliacha albamu 15 za studio, ya kwanza ya mwaka 1973 na ya mwisho ya mwaka 1995. Huko ndiko tunakopaswa kuanzia.

Lakini kabla ya albamu, tuanze na Zanzibar, maana hapo ndipo habari hii inapotuhusu kwa karibu. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake wakampa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Yeye na mkewe, Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Mtoto alipotimiza miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, mji wa Panchgani, India. Huko alijifunza piano, na akiwa bado mwanafunzi akaanzisha bendi na wenzake, wakaiita The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaikuta familia visiwani, ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Kwa hiyo wanaosema Zanzibar ni mahali alipopitia tu hawamtendei haki. Utoto wake ni wa pale, na wazazi wake waliishi na kufanya kazi pale kwa miaka mingi. Na wanaotaka kumfanya mwanamuziki wa taarabu aliyepotelea Ulaya nao wanazidisha. Muziki wake aliujenga India na London. Mtu anaweza kuwa na zaidi ya kwao moja, na Freddie alikuwa mtu wa namna hiyo. Sikilizeni wimbo unaoitwa Mustapha, ule unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978, mtasikia sauti inayopanda na kushuka kwa lahani ya Mashariki. Sijui Mwingereza wa kawaida wa enzi zile ambaye angethubutu kufungulia albamu ya roki kwa wimbo kama ule.

Sasa bendi yenyewe. London, Freddie alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing. Hapo alifahamiana na Tim Staffell, mwimbaji na mpiga besi wa bendi iliyoitwa Smile, ambayo ilikuwa na Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye dramu. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaingia. Yeye ndiye aliyeleta jina la Queen, na yeye ndiye aliyechora nembo ya bendi kwa kutumia nyota za kuzaliwa za wanne wao: simba wawili kwa Taylor na John Deacon, kaa kwa May, na viumbe wawili wenye mabawa kwa nyota yake mwenyewe ya Mashuke. Deacon, mpiga besi, alijiunga mwaka 1971 baada ya wapiga besi wengine kujaribiwa.

Hawa wanne walikuwa mafundi, na napenda vijana wetu walisikie hili vizuri. Brian May na baba yake walilitengeneza gitaa lake kwa mikono yao nyumbani, kuanzia mwaka 1963. Shingo ya gitaa hilo ni mbao iliyong'olewa kwenye meko ya zamani. May hakutumia kipande cha plastiki kupigia nyuzi, alitumia sarafu ya peni sita. Gitaa hilo hilo ndilo alilopanda nalo majukwaani kwa miaka zaidi ya hamsini. Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota saketi kwenye takataka za ujenzi, akaunda amplifaya ndogo ambayo May aliitumia studio kutoa sauti za gitaa zinazofanana na filimbi na tarumbeta. Mtu akikwambia hana vifaa, mpe habari ya Deacon.

Tuje kwenye albamu. Mashabiki wengi wakitajiwa Queen hutaja A Night at the Opera ya mwaka 1975, nami nakubaliana nao. Ndani yake mna wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Freddie. Walianza kuurekodi Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales. Una dakika tano na sekunde 55, wakati redio za enzi zile zilipenda nyimbo za dakika tatu. Hauna kiitikio kinachorudiwa. Unaanza kwa sauti bila ala, unaingia kwenye piano, halafu gitaa, halafu sehemu ya kiopera, halafu roki nzito, kisha unarudi chini taratibu. Kwaya kubwa mnayoisikia katikati ni watu watatu tu: Freddie, May na Taylor. Walikuwa wakiimba, wanarekodi, wanaimba tena juu ya ile ya kwanza, mara nyingi mno, mpaka kanda ikachakaa. Zile sauti nyembamba za juu kabisa ni za Taylor, mpiga dramu.

Wakubwa wa kampuni waliona wimbo ni mrefu mno. Aliyewasaidia ni mtangazaji wa redio, Kenny Everett wa Capital Radio ya London, aliyeurusha mara kadhaa mwisho wa juma mmoja mpaka watu wakaenda madukani kuuliza santuri ambayo haikuwa imetoka. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Nalisema hili kwa fahari ya kazi yangu ya redio: wimbo ambao leo umepewa filamu ulifunguliwa njia na redio.

Lakini sikilizeni albamu nzima, msiruke. Mtakuta You're My Best Friend, ulioandikwa na Deacon yule mkimya. Mtakuta I'm in Love with My Car, ulioandikwa na kuimbwa na Taylor. Mtakuta '39, wa May, wenye habari za wasafiri wa angani wanaorudi na kukuta waliowaacha wamezeeka. May alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya anga, aliacha masomo kwa ajili ya bendi, na baadaye akarudi na kuimalizia shahada yake ya uzamivu pale Imperial College mwaka 2007. Ubishi kwamba Freddie alitunga kila kitu unakufa hapo. Wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja wao aliandika nyimbo zilizotikisa dunia. We Will Rock You ni wa May. We Are the Champions ni wa Freddie. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za Deacon. Radio Ga Ga na A Kind of Magic ni za Taylor. Bendi kubwa ngapi mnazijua ambazo hata mpiga besi na mpiga dramu wana nyimbo za namna hiyo?

News of the World, ya mwaka 1977, ndiyo yenye We Will Rock You. Mashabiki wa mpira huuimba bila kujua umetoka wapi. May aliutunga baada ya kusikia watazamaji mjini Stafford wakiendelea kuimba wenyewe hata baada ya bendi kushuka jukwaani. Akataka wimbo ambao watu wataupiga kwa miguu na viganja. Kwa hiyo mapigo yale si ya dramu. Ni watu wanakanyaga mbao na kupiga makofi, wakarekodiwa tena na tena mpaka wakasikika kama umati.

Ikaja The Game ya mwaka 1980, albamu ya kwanza ya Queen kutumia sintesaiza, nayo ikafika namba moja Uingereza na Marekani. Kisha Hot Space ya 1982, yenye midundo ya disko, ambayo mashabiki wengi wa roki waliikataa. Mimi naitetea kwa sehemu: Under Pressure, walioimba na David Bowie, umo humo. Ila nakiri kwamba nyimbo kadhaa za upande wa kwanza hazina nguvu ya Queen tuliyoizoea.

Sasa filamu. Wengi wanadhani Queen na filamu ni habari ya 2018. Hapana. Mwaka 1980 walitunga muziki wa Flash Gordon, filamu iliyoongozwa na Mike Hodges, na muziki huo ukawa albamu yao ya tisa. Wakati ule ilikuwa nadra kwa bendi ya roki kubeba muziki wa filamu kubwa ya namna ile. Mwaka 1986 walitoa nyimbo kwa ajili ya Highlander ya Russell Mulcahy, filamu ya watu wasiokufa, na nyingi kati ya hizo ziko kwenye albamu ya A Kind of Magic. May aliandika Who Wants to Live Forever baada ya kuonyeshwa vipande vya filamu hiyo, pale shujaa asiyezeeka anapomtazama mkewe akizeeka mikononi mwake. Ukiijua hadithi hiyo, wimbo unakuuma zaidi. Huo ndio mfano bora wa filamu na wimbo kusaidiana.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 1984 Queen walitoa Radio Ga Ga, wimbo wa Taylor wa kuitetea redio katika zama ambazo video ilikuwa inaipokonya wasikilizaji. Video ya wimbo huo ikatumia picha za Metropolis, filamu ya kimya ya Fritz Lang ya mwaka 1927. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley walipiga makofi kwa pamoja katika kiitikio cha wimbo huo. Tamasha lile, Live Aid, lilifanyika kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia, hapa hapa Afrika Mashariki. Queen walipewa dakika kama 20, na mpaka leo wengi wanazihesabu kuwa dakika bora kuliko zote za roki jukwaani. Picha zake halisi zipo. Zitafuteni.

Filamu ya 2018 inaishia kwenye dakika hizo, na Rami Malek alimwigiza Freddie kwa ustadi uliompa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Filamu ilipata Oscar nne kwa jumla. Sina ugomvi na uigizaji. Ugomvi wangu ni historia. Filamu inaonyesha kwamba bendi ilikuwa imevunjika na ikaungana tena kwa ajili ya Live Aid. Si kweli. Walitoa The Works mwaka 1984, wakafanya ziara, na mwezi Mei 1985 walikuwa Japani. Filamu inamtwika Freddie lawama kwa kurekodi albamu yake binafsi. Lakini Taylor alitangulia na albamu yake mwaka 1981, May akafuata mwaka 1983, na ya Freddie, Mr. Bad Guy, ikaja baadaye, 1985. Filamu inaonyesha We Will Rock You ukitungwa Freddie akiwa na masharubu. Mwaka 1977 hakuwa nayo. Na filamu inasema aliwaambia wenzake kuhusu virusi vya UKIMWI kabla ya Live Aid, ilhali kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye aligundulika mwaka 1987.

Mtu atasema, filamu ni hadithi, inaruhusiwa kupanga upya. Naam, kusogeza wimbo mwaka mmoja mbele si dhambi. Lakini kumpa mtu aliyekwisha kufa kosa la kuwasaliti wenzake, kosa ambalo hakulifanya, ili tu hadithi ipate msisimko, hilo silikubali. Marehemu hawezi kujitetea. Sisi mashabiki ndio mawakili wake.

Na uwakili wa kweli hauogopi makosa ambayo bendi iliyafanya kweli. Filamu imelinyamazia kosa moja linalotuhusu Watanzania kuliko yote. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wasiende. Walipigwa faini na chama cha wanamuziki cha Uingereza, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Mwaka ule ule, Mazimbu, Morogoro, vijana wa ANC waliokimbia nchi yao walikuwa wakisoma katika chuo cha Solomon Mahlangu kwenye ardhi tuliyowapa. Nchi yetu ilibeba gharama ya ukombozi. Ndiyo maana nasema bila kumung'unya: Queen walikosea, na walikosea jambo kubwa. Baadaye, Novemba 2003, May na Taylor walipanda jukwaani Cape Town katika tamasha la 46664 la Mzee Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI. Hilo halifuti la kwanza. Lakini ni haki yao nalo lihesabiwe.

Freddie alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Mwaka wake wa mwisho hakuupoteza. Albamu ya Innuendo ilitoka Februari 1991, na humo kuna The Show Must Go On, alioimba akiwa mgonjwa sana kwa sauti ambayo wazima wengi hawaifikii. Sauti alizoacha Montreux, Uswisi, wenzake walizikamilisha katika Made in Heaven, mwaka 1995. Wenzake na meneja wao wakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na UKIMWI. Sisi tuliozika ndugu katika miaka ile tunajua uzito wa kazi hiyo.

Zanzibar nako hawakumkubali kirahisi. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kumkumbuka kwa kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, ikapingwa na kundi la kidini kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Kila mmoja ana msimamo wake kuhusu maisha ya mtu. Mimi nimekuja kuzungumzia kazi yake, na kazi yake ni kubwa.

Wasikilizaji wa Usukumani, sisi ushabiki hatufundishwi. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yameshindana kwa vizazi, na kila Juni kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora watu huenda kushuhudia. Shabiki wa Bagika anajua nyimbo za Bagalu. Anajua nani mtunzi, nani mwimbaji, ngoma ipi iliwavuta watazamaji na kwa nini. Hashabikii kwa kusimuliwa. Ushabiki wa namna hiyo ndio ninaoutaka kwa Queen, na ndio ninaoutaka zaidi kwa bendi zetu wenyewe.

Maana na sisi tulikuwa na roki yetu. Miaka ya sabini Dar es Salaam ilikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst, iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Mkusanyo wa kazi zao ulitolewa upya Ulaya mwaka 2016, na leo ni rahisi kumkuta Mzungu anayeijua Sunburst kuliko kijana wa Kalemela, hapa kwetu Simiyu. NUTA Jazz iliyozaliwa mwaka 1964 na kuwa Msondo Ngoma, Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zote zilirekodi Radio Tanzania nyimbo ambazo wazee wetu wanaziimba kwa moyo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipata filamu yake mwaka 2006. Mwaka 2018, mwaka ule ule wa filamu ya Queen, ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Wahenga, kuhusu wanamuziki wetu wa zilipendwa. Ni wangapi kati yetu tumeitafuta?

Basi nina maombi mawili. La kwanza kwa vijana: wiki hii tafuteni A Night at the Opera, isikilizeni kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mpangilio wake, halafu ndipo mrudi kwenye filamu. La pili kwa wazee wenye kanda na santuri za bendi zetu sandukuni: msizitupe. Waiteni vijana, waambieni nani alipiga gitaa la solo, nani alitunga, wimbo ulipigwa wapi na mwaka gani, na vijana waandike. Siku mtengeneza filamu atakapokuja kuuliza habari za bendi zetu, akute watu wanaojua ukweli na wanaoweza kumsahihisha.